Chumvi Iko Mkononi mwa Nani?

Tuseme kuna kijana wa Bukavu anayeishi Yeoville na kufanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala upande wa pili wa Johannesburg. Nyumbani anaongea Kiswahili. Shuleni alifundishwa kwa Kifaransa, Kilingala anakisikia kila jioni kwenye muziki wa Mtaa wa Rockey, na kazini ni Kiingereza. Siku moja meneja anatangaza kwamba mwakani mishahara itapanda. Msimamizi wa zamu anamnong'oneza kijana: maneno hayo yachukue "with a pinch of salt".

Kijana anajua kila neno hapo. Lakini Kifaransa chake kinamwambia kwamba kutia punje yako ya chumvi ni kudakia mazungumzo yasiyokuhusu. Kiswahili chake kinamwambia kwamba kutia chumvi ni kukuza jambo kuliko lilivyo. Je, ameonywa anyamaze? Ameambiwa akalisimulie kwa mbwembwe? Msimamizi alimaanisha kitu cha tatu kabisa: usiyaamini yote.

Kijana huyu ni wa kubuni, ila mkanganyiko wake si wa kubuni. Fungua habari za kimataifa zilizogeuzwa Kiswahili harakaharaka, utakutana na ahadi za wanasiasa zinazotakiwa "kuchukuliwa kwa punje ya chumvi", sentensi ambayo msomaji wa Tanga au Mombasa ataisoma mara mbili, asiambulie kitu, aendelee na shughuli zake. Upande mwingine wako Waafrika Kusini wanaojifunza Kiswahili. Wakiwa na Kiingereza kichwani, wakisikia "huyu anatia chumvi" ni rahisi wadhani mtu huyo ana mashaka, kumbe yeye ndiye anayetiliwa mashaka. Kitoweo ni kimoja, ila kila lugha inakitumia kwa namna yake.

Usuli wa mkanganyiko

Johannesburg ilizaliwa ghafla. Mwaka 1886 dhahabu ilipatikana Langlaagte, na ndani ya miaka michache nyika ile ikajaa wachimbaji, madalali, wapishi na wachuuzi kutoka kila upande. Lugha zilirundikana kabla ya mitaa kupewa majina. Leo Afrika Kusini inatambua lugha rasmi 12, ya mwisho ikiwa lugha ya alama iliyoongezwa mwaka 2023. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, Septemba 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi, Angie Motshekga, alitangaza kwamba shule zingeruhusiwa kukifundisha kama somo la hiari kuanzia 2020. Na hata kabla ya hapo hakikuwa kigeni kabisa: wapigania uhuru wa chama cha ANC waliishi Tanzania kwa miaka mingi, wakawa na shule yao Mazimbu, Morogoro, na wengi walirudi kwao na maneno ya Kiswahili mdomoni.

Chumvi yenyewe ilikuwapo katika eneo hili kabla ya mbio za dhahabu. Kaskazini-magharibi mwa Pretoria kuna Tswaing, shimo kubwa la kimondo kilichoanguka miaka ipatayo 220,000 iliyopita, lenye ziwa la magadi na chumvi katikati. Jina hilo kwa Kitswana ni mahali pa chumvi, kwa kuwa chumvi ni "letswai". Mzulu anasema "usawoti", Kaburu anasema "sout", Mkongo wa Kilingala anasema "mungwa", na Mnyarwanda anasema "umunyu", ambalo ni ndugu wa damu wa neno "munyu" la Kiswahili cha zamani.

Sasa tazama ghala la nahau. Kiswahili hakina nyingi za chumvi, ila zilizopo zina nguvu. Kutia chumvi ni kukuza habari. Kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Mzee aliyekula chumvi nyingi ni mtu wa kusikilizwa. Kutia chumvi kwenye kidonda ni kumzidishia mtu maumivu. Kiingereza kina rundo zima: chumvi ya shaka, ya thamani ya kazi, ya tabaka, ya akiba, ya bahari, ya hasira. Mgeni akiingia humo bila mwongozo, hupotea.

Tofauti imeanzia wapi? Nadhani imeanzia mezani. Kwenye meza ya Kiingereza chombo cha chumvi kimewekwa mbele ya walaji. Mpishi amepika, lakini mlaji ndiye mwenye neno la mwisho: anaonja, anainua kichupa, anajitilia. Katika Uingereza ya zama za kati chombo hicho kilikuwa cha heshima kiasi kwamba watu walipangwa kukaa kwa kukitazama, wakubwa upande wa juu na wanyonge upande wa chini, na ndipo ukatoka msemo wa kukaa "below the salt" kwa mtu wa daraja la chini. Kwenye sinia la pwani mambo ni mengine. Chumvi imekwisha kutiwa chunguni. Anayekula hana cha kuongeza, na akiomba chumvi mbele ya mwenye nyumba, mwenye nyumba atajisikia vibaya. Chumvi ya Mwingereza iko mkononi mwa mlaji, yetu iko mkononi mwa mpishi.

Hamishia hilo kwenye maneno. Habari ni chakula. Mwingereza anaposikia habari asiyoiamini sana, yeye msikilizaji ndiye anayejitilia chumvi kabla ya kumeza. Mswahili anapoisikia, anamtazama mpishi na kusema: huyu ametia chumvi. Nahau zote mbili zinahusu uongo mdogo unaozunguka ukweli. Zinatofautiana katika kuonyesha aliyeushika mkebe. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloamua ipi kati ya njia za kufundisha nahau hizi inafaa na ipi inapoteza watu.

Njia ya kwanza: kueleza asili

Walimu wengi wa Kiingereza huanza na hadithi. Wanafunzi huipenda, na hadithi hukaa kichwani kuliko ufafanuzi mkavu. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Udhaifu wake ni kwamba hadithi nyingi za asili ya nahau zenyewe zimetiwa chumvi.

Maarufu kuliko zote ni ile ya "worth his salt", inayosemwa juu ya mtu anayestahili ujira wake. Tunaambiwa askari wa Kirumi walilipwa kwa chumvi, ndiyo maana neno la Kilatini la posho, "salarium", likazaa neno la Kiingereza la mshahara. Ni kweli kwamba salarium inatokana na "sal", yaani chumvi, na ni kweli kwamba Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi, aliyahusisha maneno hayo. Lakini hakuna maandishi ya kale yanayosema askari alipanga foleni kupewa chumvi kama malipo. Askari wa kawaida katika enzi ya Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, fedha taslimu. Na msemo wenyewe wa Kiingereza unaonekana katika maandishi ya karne ya 19, sio ya Kirumi. Kuuvika kofia ya chuma ya Kirumi ni kuuzeesha bure.

Hadithi ya "pinch of salt" ina mizizi imara zaidi, ila nayo huvutwa kupita kiasi. Pliny huyohuyo, katika kitabu cha 23 cha Historia ya Asili, anasimulia kwamba jemadari wa Kirumi Pompeius alipomshinda Mfalme Mithridates alikuta maelezo ya dawa ya kuzuia sumu: kokwa mbili kavu, tini mbili na majani 20 ya mmea mchungu, vitwangwe pamoja na punje ya chumvi. Atakayekula kabla ya kufungua kinywa hatadhurika na sumu siku hiyo. Kutoka hapo wengine hudai chumvi ni kinga: habari mbaya ni sumu, ukiila na chumvi haikudhuru. Wengine husema ni mambo ya jikoni tu, kwamba chakula kisicho na ladha humezeka kikiwa na chumvi kidogo. Wapo pia wanaokumbusha kwamba kwa Kilatini chumvi ilimaanisha vilevile akili na utani.

Tatizo ni kwamba Pliny hakuwa anatania. Aliandika maelekezo ya dawa, basi. Maana ya shaka ilikuja baadaye sana, Kiingereza kikaishika katika karne ya 17. Maelezo ya sumu yanavutia lakini yanaruka karne nyingi bila daraja. Maelezo ya jikoni ni ya kawaida zaidi, na kwa mwanafunzi ndiyo yenye faida, mradi akumbushwe kwamba jiko linalozungumziwa sio la kwao.

"Rub salt into the wound" nayo ina mabishano: wengine husema chumvi ilipakwa kutesa, wengine kuzuia jeraha lisioze. Yawezekana yote mawili, maana maji ya chumvi husafisha na huwasha kwa wakati mmoja. Haibadilishi maana, kwa hiyo tusipoteze muda hapo.

Njia ya pili: neno kwa neno

Watetezi wa njia hii wana hoja ambayo haidharauliki: lugha hukua kwa kukopa, na kilichoonekana kigeni jana leo ni chetu. Ushahidi wao mkubwa ni "chumvi ya dunia". Picha hiyo ya Injili ya Mathayo, sura ya 5, iliingia Kiswahili kupitia tafsiri ya Biblia, na leo hakuna anayeuliza ina maana gani.

Ila hata hapo pana mtego. Katika Kiingereza cha mtaani, na vilevile katika Kiafrikana kinachosema "sout van die aarde", mtu wa namna hiyo ni mnyofu, wa kawaida, asiye na makuu, unayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba. Katika Kiswahili cha kanisani, kuwa chumvi ya dunia ni wajibu: uwe mfano, uwakoleze wengine imani. Jirani Mwingereza akisimama msibani huko Soweto au Kensington na kusema marehemu alikuwa "salt of the earth", mfasiri anayesema "alikuwa chumvi ya dunia" amemfanya marehemu mzee wa kanisa. Pengine hakukanyaga kanisa tangu harusi yake. Alikuwa mtu wa watu, imetosha.

Kwingine njia hii inaanguka waziwazi. Katika habari za ufisadi husikika kwamba mtu fulani amefanya "salting away" ya mamilioni ng'ambo. Picha ni ya nyama iliyotiwa chumvi ili idumu: fedha imefichwa ikae. Ukiandika kwamba "alizitia chumvi fedha", msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba alikuza hesabu. Hayo ni makosa mawili tofauti mbele ya hakimu.

Au chukua nywele. Kwa Kiingereza mtu ambaye mvi zimeanza kuchanganyika na weusi ana nywele za "salt and pepper". Pilipili inayokusudiwa ni pilipili manga. Mswahili akisikia pilipili na nywele katika sentensi moja, akili inaenda kwenye nywele za kipilipili, yaani zilizosokotana vidonge vidonge, jambo ambalo halihusiani na umri wala rangi. Tangazo la mtu aliyepotea likitafsiriwa hivyo, jamaa watamtafuta mtu mwingine.

Na vijana siku hizi wanasema mtu ni "salty" akinuna baada ya kushindwa. Neno lilivuma kupitia michezo ya kompyuta, ingawa Wamarekani weusi walikuwa na matumizi ya karibu tangu miaka ya 1930. Kiswahili kina kununa, kisirani na kinyongo. Hatuna upungufu.

Njia ya tatu: kisawe cha nyumbani

Hawa husema: usihangaike na chumvi, tafuta msemo wa Kiswahili unaofanya kazi ileile. Kwa kidonda kuna msumari wa moto juu ya donda, ambao kwa kweli unauma kuliko chumvi. Kwa anayestahili ujira wake, mtu husema "fundi kwelikweli" au "mwalimu anayestahili jina hilo". Kwa shaka, Tanzania imetupa zawadi: akili za kuambiwa, changanya na za kwako. Wengi huukumbuka msemo huo kutoka kinywani mwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Tazama jinsi unavyolingana na ule wa Kiingereza kuliko tafsiri yoyote. Msikilizaji ndiye anayechanganya. Mkono ni wake. Umekosekana mkebe tu.

Zipo pia bahati za ajabu. Baharia mzee kwa Kiingereza ni "old salt", mtu ambaye maji ya bahari yamemwingia mwilini. Ukisema kwa Kiswahili "nahodha aliyekula chumvi nyingi", umepata umri, umepata uzoefu, na kwa kuwa ni nahodha, umepata na bahari.

Udhaifu wa njia hii ni wa aina mbili. Kwanza, kisawe kina kwao. Msemo wa kuchanganya akili unapendeza Dodoma. Kijana wa Goma aliyekulia Yeoville anaweza asiwahi kuusikia, na utahitaji kuelezwa sawa na ule wa Kiingereza. Pili, kisawe kinafuta mchezo wa maneno. Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuweka kisheria viwango vya chumvi katika vyakula vya viwandani: kanuni zilitolewa Machi 2013, hatua ya kwanza ikaanza Juni 2016, mkate ukiruhusiwa sodiamu isiyozidi miligramu 400 kwa gramu 100, kisha 380 kuanzia Juni 2019. Kwa mhariri wa Kiingereza hiyo ni habari inayojiandikia kichwa, maana "pinch of salt" inaweza kuwa chumvi halisi na shaka kwa pamoja. Mfasiri hapo hana pa kushika. Aache utani uende zake.

Kuna pia visawe vya uongo, na katika Johannesburg vimejaa. Wahindi wa Fordsburg walikuja na urithi wa Kihindi na Kiurdu ambamo aliyekula chumvi ya mtu ana deni la uaminifu kwake, na anayemgeuka huitwa "namak haram". Kiingereza cha wakoloni kilichukua picha hiyo, kikasema juu ya kula chumvi ya bwana. Mswahili akisikia "amekula chumvi yake", anahesabu miaka, kumbe mwenzake anahesabu fadhila. Na kwa kuwa tumemgusa Mhindi: ni katika mji huuhuu, 11 Septemba 1906, Gandhi alipoanza mapambano ambayo baadaye yangeitwa satyagraha, na ni yeye aliyetembea hadi Dandi mwaka 1930 kuinua chumvi kwa mkono wake mwenyewe ili Mwingereza ajue ni ya nani.

Kiingereza cha hapahapa

Mpaka sasa tumezungumza kana kwamba Kiingereza ni kimoja na kinatoka London. Kosa kubwa la njia zote tatu ni hilo. Kiingereza cha Afrika Kusini kina chumvi yake, na ukiichunguza utakuta iko karibu na ya Waswahili kuliko ya Waingereza.

Anza na mgodi. Wachimbaji wana neno la kutia chumvi mgodi, "to salt a mine". Ni wizi wa kizamani. Mtu ana shimo lisilo na kitu na anataka kuliuza. Anachukua bunduki ya marisau, anatoa risasi, anajaza vumbi la dhahabu, anafyatua ukutani mwa shimo. Mwamba unameza chembe. Asubuhi mnunuzi anakuja na nyundo yake, anabandua kipande alichokichagua mwenyewe, anakipeleka kupimwa na majibu yanameremeta. Anatoa fedha. Amenunua shimo.

Watu huambiana kwamba mambo hayo ni ya enzi za mahema. Sio kweli. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza hazina kubwa ya dhahabu Busang, Indonesia, na thamani ya hisa zake ikafika takriban dola bilioni sita za Kanada. Sampuli za mwamba zilikuwa zimesagwa kisha kuchanganywa na dhahabu iliyotoka kwingine. Chembe nyingi zilikuwa na umbo la mviringo, kama zilizosuguliwa na maji ya mto, jambo ambalo dhahabu iliyokaa ndani ya mwamba haina sababu ya kuwa nalo. Mei 1997 wakaguzi huru walithibitisha ulaghai, na akiba za watu zikayeyuka. Mwaka 2000 Afrika Kusini, ambayo soko lake la hisa la Johannesburg liliasisiwa mwaka 1887 kwa ajili ya dhahabu hasa, ilitoa kanuni ya SAMREC inayosema nani ana haki ya kutangaza kiasi cha madini na kwa ushahidi gani. Kwa lugha yetu, ni kanuni ya kuzuia watu kutia chumvi.

Umeona mkono uko wapi? Uko kwa muuzaji. Mwenye habari ndiye anayetia, mnunuzi ndiye anayeliwa. Mswahili wa Ilala akisimuliwa kisa cha Bre-X na kuambiwa kwamba kitendo hicho huitwa kutia chumvi, hatahitaji kamusi. Nahau ya Kiingereza inayolingana na yetu moja kwa moja inatoka kwa wachimbaji, watu wa kazi ileile iliyoujenga mji huu.

Ya pili ni farasi. Kusini mwa Afrika kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, ambao ukiingia zizini huweza kuua farasi tisa kati ya kumi. Mlipuko wa 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000 katika koloni la Cape. Farasi mmoja mmoja waliougua wakapona walionekana hawaugui tena kirahisi. Hao wakaitwa farasi waliotiwa chumvi: "salted" kwa Kiingereza, "gesout" kwa Kiafrikana. Huenda picha ni ya nyama: iliyokolea chumvi haiozi. Bei yao ilikuwa mara kadhaa ya farasi wa kawaida, na mwindaji aliyekuwa akielekea kaskazini alitaka hakikisho la maandishi kabla ya kulipa. Utafiti wa kisayansi ulikuja kushika kasi Onderstepoort, karibu na Pretoria, kituo alichokiasisi Arnold Theiler mwaka 1908, na chanjo zilipopatikana neno likaanza kupoteza kazi. Lakini kabla halijafifia lilikwisha kuhamia kwa watu: mtu mzoefu wa nchi, aliyepita homa na ukame akabaki hai, naye alikuwa ametiwa chumvi.

Nani asiyeona mzee wetu hapo? Aliyekula chumvi nyingi ndiye aliyepita mengi na bado yupo. Lugha mbili ambazo hazikukaa jikoni pamoja zimefika mahali pamoja: chumvi ni miaka iliyoyashinda mauti.

La tatu nalitaja kwa ufupi, maana msomaji atalisikia na ni bora alijue. Makaburu huwaita Waafrika Kusini wa asili ya Kiingereza "soutie", kifupi cha neno zito zaidi, "soutpiel". Picha ni ya mtu aliyeweka mguu mmoja Uingereza na mwingine Afrika Kusini, sehemu zake za siri zikining'inia katika maji ya chumvi katikati. Kwa marafiki ni utani, na wapo wanaojiita hivyo wenyewe kwa kicheko. Kwa mgeni kulitamka kazini ni kutafuta matatizo. Ajabu ni kwamba maana yake inamgusa kila mhamiaji wa Yeoville, ila kwake maji ya katikati ni Ziwa Tanganyika au Kivu, na hayana chumvi.

Mizani

Kati ya njia tatu, ya asili ndiyo tamu kuisikiliza na dhaifu kuitegemea. Itumike kukumbusha, isitumike kuthibitisha, na askari wa Kirumi aachwe na dinari zake. Ya neno kwa neno inafaa pale tu ambapo picha imekwisha kuingia Kiswahili, kama chumvi ya dunia na chumvi ya kidonda, na hata hapo lazima mtu apime ni dunia ya kanisani au ya mtaani. Ya visawe ndiyo inayostahili kuwa njia kuu kwa magazeti, redio na wakalimani, kwa sababu kazi yao ni msikilizaji aelewe mara moja. Hasara ya picha iliyopotea ni ndogo kuliko hasara ya fedha zilizofichwa kugeuka hesabu zilizokuzwa.

Lakini darasani, hasa katika shule za Afrika Kusini zinazofundisha Kiswahili, mpangilio wa sasa wa vitabu vya nahau, unaoanza na London na kumalizia na London, haumsaidii mtoto. Aanze na mgodi uliotiwa chumvi, ambao babu yake huenda aliuchimba, aende kwa farasi aliyetiwa chumvi, kisha aletewe "ametia chumvi" na "amekula chumvi nyingi". Atazielewa bila tafsiri. Akishazishika, ndipo aonyeshwe meza ya Kiingereza na kichupa kilicho mbele ya mlaji, aambiwe kwamba hapa mkono umehama. Kijana wa Bukavu naye aelezwe hivyohivyo: punje ya Kifaransa ni ya mdakizi, ya Kiswahili ni ya msimuliaji, ya Kiingereza ni ya msikilizaji. Dakika mbili zinatosha, wakati wa mapumziko, mlangoni mwa ghala.

Na wewe mhariri, kesho asubuhi ukiletewa sentensi yenye "kwa punje ya chumvi", ikate uandike "tusiyameze mazima". Nafasi ni ileile, na msomaji wa Tanga hatarudi kuisoma mara ya pili.